Florence Nightingale, Muuguzi Aliyeishauri Serikali

Kila mwaka tarehe 12 Mei wauguzi wa Mbeya na Iringa, pamoja na wenzao wa dunia nzima, huadhimisha Siku ya Wauguzi. Huvaa sare zao, huwasha mishumaa na kurudia kiapo cha kazi yao. Tarehe hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa mwanamke mmoja Mwingereza, Florence Nightingale. Wengi wetu tulisikia habari zake shuleni, jinsi alivyopita usiku na taa mkononi kati ya vitanda vya askari. Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni sehemu ndogo ya maisha yake. Kazi ya taa haikutimiza miaka 2. Kazi ya kalamu iliendelea kwa miaka 40 na zaidi, nayo ndiyo iliyookoa watu wengi zaidi. Basi yafaa tuyajue maisha yake yote, walau kwa ufupi.

Utoto na wito

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake walipokuwa safarini, naye akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa watu wenye mali. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo aliwafundisha binti zake wawili Kigiriki, Kilatini na historia, masomo ambayo siku zile yalihesabiwa kuwa ya wanaume. Florence alipenda hasa hesabu. Tarehe 7 Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, alisadiki kwamba Mungu amemwita katika utumishi wake, ingawa hakujua bado ni utumishi gani.

Mwaka 1845 aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury. Wazazi wake walikataa kabisa. Tusiwalaumu upesi. Uuguzi haukuwa kazi ya heshima wakati ule. Waliouguza hawakufundishwa, mshahara wao ulikuwa mdogo, na wengine walijulikana kwa ulevi. Florence akabaki nyumbani kwa miaka mingi, akiamka mapema kusoma ripoti za hospitali kabla ya wenzake kuamka. Mwungwana mmoja alimposa, naye alimpenda, lakini akamkataa, kwa kuwa aliona ndoa ile ingemfungia mlango wa wito wake.

Hatimaye, mwaka 1851, alikwenda Kaiserswerth nchini Ujerumani, walikokuwa mashemasi wanawake wa Kiprotestanti waliotunza wagonjwa, akajifunza kwao kwa muda wa miezi 3 hivi. Mwaka 1853 akawekwa kuwa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake mjini London. Alikuwa na miaka 33, na ndiyo kwanza anaanza kazi.

Scutari

Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki dhidi ya Urusi, katika nchi ya Crimea. Magazeti yakaleta habari kwamba askari wagonjwa walikuwa wakifa bila matunzo. Waziri Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki wa Florence, akamwomba aongoze kundi la wauguzi. Akaondoka London tarehe 21 Oktoba pamoja na wanawake 38. Kati yao 10 walikuwa masista Wakatoliki, 14 walitoka katika nyumba mbili za masista wa Kianglikana, na 14 walikuwa wauguzi wa kawaida wa hospitali. Tarehe 4 Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya Constantinople.

Hospitali yenyewe ilikuwa kambi kuukuu ya askari wa Kituruki. Wagonjwa walilala sakafuni, safu baada ya safu. Mashuka hayakutosha, chawa na panya walijaa, na chini ya jengo mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba. Madaktari wa jeshi hawakuwapokea wanawake hawa kwa furaha. Florence hakugombana nao. Aliwaamuru wauguzi wake wasimguse mgonjwa ye yote mpaka daktari aombe. Baada ya siku chache majeruhi walifika wengi mno, na madaktari wakaomba wenyewe. Akanunua sabuni, mashati na mashuka, akapanga mahali pa kufulia nguo na jiko la chakula cha wagonjwa, akawaandikia barua jamaa za waliokufa.

Hata hivyo watu walizidi kufa. Jambo hili halisimuliwi sana pamoja na habari za taa. Mwezi wa Februari 1855, kwa hesabu alizochapisha mwenyewe baadaye, kati ya kila wagonjwa 100 walikufa zaidi ya 40. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa. Mwezi wa Machi Serikali ya Uingereza ikatuma tume ya usafi. Tume ikazibua mifereji, ikaondoa takataka na mizoga, ikapaka kuta chokaa na kuingiza hewa safi. Kufikia Juni waliokufa walikuwa 2 hivi kati ya kila 100.

Tusimsahau mwanamke mwingine aliyefanya kazi katika vita hivyo. Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaica, mwenye asili ya Kiafrika kwa mama yake, aliomba London atumwe pamoja na wauguzi akakataliwa. Akasafiri kwa gharama yake mwenyewe, akafungua nyumba ya kulisha na kutibu askari karibu na uwanja wa vita. Kwa miaka mingi jina lake lilisahauliwa, lakini siku hizi linatajwa kwa heshima inayomstahili.

Kalamu na hesabu

Florence alirudi kwao Agosti 1856, kimya kimya, akikwepa sherehe alizoandaliwa. Mwili wake ulikuwa umedhoofika kwa homa aliyoipata vitani. Nchi nzima ilimsifu, naye angeweza kupumzika katika sifa hizo. Lakini aliketi na mtaalamu wa takwimu, William Farr, wakazichambua hesabu za vifo. Kwanza alikuwa amedhani kwamba askari walikufa kwa sababu walifika hospitalini wakiwa wamechoka na kudhoofika kwa njaa. Hesabu zikamwonyesha jambo chungu: jengo lenyewe, pamoja na uchafu wake, lilikuwa likiwaua. Nalo ni jengo ambalo yeye alikuwa akihudumu ndani yake usiku na mchana.

Ndugu msomaji, fikiri ni rahisi namna gani kunyamaza hapo. Hakuna aliyemshitaki. Watu walitaka kusikia habari za taa tu. Yeye akachagua ukweli, akaufanya huo uchungu kuwa kazi ya maisha yake.

Mwaka 1857 iliundwa Tume ya Kifalme ya kuchunguza afya ya jeshi. Ni mwaka ule ule ambao David Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na hotuba yake ikazaliwa misheni ya UMCA, iliyoleta Injili na hospitali katika nchi yetu. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa mjumbe wa tume. Basi Florence akafanya kazi chumbani kwake. Alitayarisha maswali ya mashahidi, akapanga ushahidi, akaandika ripoti yake ya kurasa zaidi ya 800. Ndani yake alionyesha kwamba hata wakati wa amani, askari vijana waliokaa kambini Uingereza walikufa karibu mara 2 ya raia wa umri wao. Walikuwa vijana waliochaguliwa kwa afya zao, nao walikufa kwa sababu ya msongamano, hewa mbaya na maji machafu.

Alijua kwamba wakubwa hawana subira ya kusoma safu za tarakimu. Kwa hiyo alichora duara iliyogawanywa vipande kwa kila mwezi, na rangi mbalimbali kuonyesha waliokufa kwa majeraha na waliokufa kwa magonjwa ambayo yangeweza kuzuiwa. Hata asiyejua hesabu aliweza kuona kwa macho. Kambi zikatengenezwa upya, chuo cha madaktari wa jeshi kikaanzishwa, na jeshi likaanza kuweka takwimu za magonjwa kwa utaratibu. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wataalamu wa takwimu mjini London.

Kutoka hapo hakusimama. Alichunguza afya ya jeshi nchini India bila kufika huko, kwa kutuma orodha za maswali katika kila kambi. Baadaye akawatetea pia wanavijiji wa India, wapate maji safi na umwagiliaji wa kuzuia njaa. Mwaka 1860 kilifunguliwa chuo chake cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London, kwa fedha walizochanga wananchi kwa heshima yake, zaidi ya pauni 40,000. Mwaka 1865 kundi la wauguzi likaenda Liverpool kuuguza maskini, chini ya Agnes Jones, aliyefia kazini mwaka 1868. Na Bunge lilipopitisha mwaka 1867 sheria ya kuwatenga maskini wagonjwa wa London katika hospitali zao, kwa gharama ya mfuko wa mji wote, nyuma yake kulikuwa na barua na hoja za Florence. Aliamini kwamba maskini anapougua, haki yake ni ile ile ya mgonjwa mwingine.

Hakuwa bila makosa. Alichelewa kukubali elimu ya vijidudu. Wauguzi walipoomba waandikishwe kwa sheria ya nchi, yeye alipinga, akihofu kwamba mtihani hauwezi kupima moyo. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1919, baada ya kufa kwake. Wala hakuwa mtu mwepesi kufanya kazi naye. Aliwahimiza rafiki zake mpaka wakachoka. Hata katika imani alikuwa mtu wa maswali mengi, akisema wazi pale alipoona Kanisa limelala. Lakini wito alioupokea akiwa msichana hakuuacha.

Miaka mingi ya maisha yake alikuwa mgonjwa, akifanya kazi kitandani. Mwaka 1907 Mfalme alimpa nishani kuu ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na mashujaa, kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe. Alizikwa katika makaburi ya kanisa la kijiji, East Wellow, na juu ya jiwe ziko herufi za mwanzo za jina lake tu, na miaka yake. Kanisa la Uingereza humkumbuka katika kalenda yake kila tarehe 13 Agosti.

Mafunzo kwetu

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajua thamani ya hesabu za wauguzi. UKIMWI ulipoingia, mojawapo ya njia za kujua ukubwa wa janga mkoani Mbeya ilikuwa kupima damu katika kliniki za akina mama wajawazito, kazi iliyopita mikononi mwa wauguzi na wakunga. Utafiti wa nchi wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kwamba maambukizo kwa watu wazima Njombe yalikuwa 14.8 kwa kila 100, Iringa 9.1 na Mbeya 9.0, wakati nchi nzima ilikuwa 5.1. Hesabu kama hizo ndizo zinazoonyesha dawa na watumishi wapelekwe wapi kwanza. Nyuma ya kila tarakimu alikuwapo mtu aliyempokea mgonjwa na kuandika kwa uaminifu.

Nchi yetu pia imepata muuguzi aliyefika penye maamuzi. Lucy Lameck wa Moshi alisomea uuguzi kabla ya kuingia katika siasa ya kupigania uhuru, akawa mwanamke wa kwanza kupata cheo cha uwaziri mdogo katika Serikali yetu, na baadaye akashika nafasi hiyo katika Wizara ya Afya. Alifariki mwaka 1993.

Wauguzi wetu wa zahanati za Makete, Kilolo, Ileje na kwingineko hujaza vitabu vya MTUHA kila siku, mara nyingi usiku baada ya kazi nyingine zote. Wasione kazi hiyo kuwa ya makaratasi matupu. Muuguzi ndiye ajuaye ni akina mama wangapi walichelewa kwa sababu ya barabara iliyoharibika wakati wa masika, na ni watoto wangapi wa kitongoji kimoja waliugua kuhara kwa sababu ya kisima kimoja. Ayapeleke hayo mbele ya kamati ya zahanati na halmashauri, yakiwa yameandikwa na kuhesabiwa, aombe jambo moja kwa jina lake, na asipojibiwa aombe tena.

Nasi waumini tuna wajibu wetu. Msamaria mwema alifunga majeraha ya mtu mmoja, naye alifanya vema. Lakini watu wakizidi kujeruhiwa katika njia ile ile kila siku, lazima awepo wa kwenda kwa wakubwa kusema habari za njia hiyo. Muuguzi wa kijiji chetu anaposimama kusema, tumwachie nafasi, tumsikilize mpaka mwisho, na tusimwache aende peke yake. Mungu awabariki wauguzi wetu wote, na awape ujasiri wa kusema waliyoyaona.