Jina Kubwa Si Dhamana: Funzo la Kiichiro Toyoda

Katika barabara zetu za Kenya, gari la Toyota limekuwa kipimo cha uimara. Vijana wengi hudhani kwamba sifa hiyo ilizaliwa pamoja na kampuni yenyewe. Nionavyo mimi, dhana hiyo inapotosha, na maisha ya mwasisi wake yanaikanusha.

Kiichiro Toyoda alizaliwa nchini Japani mwaka wa 1894. Babake, Sakichi, alikuwa mvumbuzi wa mitambo ya kufuma nguo. Mtambo wao mashuhuri wa mwaka wa 1924 ulikuwa na sifa ya pekee: uzi ulipokatika, ulisimama wenyewe, usije ukafuma kitambaa chenye kasoro.

Kiichiro, aliyekuwa amehitimu uhandisi jijini Tokyo, alitamani kuunda magari. Mwaka wa 1933, kiwanda cha familia kilianzisha idara ya kazi hiyo. Walifungua gari la Chevrolet kipande kwa kipande ili wajifunze. Hata hivyo, matunda ya kwanza yalikuwa machungu. Vyuma vya injini walivyosubu vilitoka na dosari, vingi vikatupwa. Lori lao la kwanza, G1, lilizinduliwa Novemba 1935, nalo likawa linaharibika njiani mara kwa mara.

Hapo ndipo mtu hupimwa. Kiichiro angaliweza kuwalaumu madereva au ubovu wa barabara. Badala yake, mafundi walitumwa kwa wateja, malori yakatengenezwa, na chanzo cha kila kasoro kikatafutwa kiwandani. Hilo linakumbusha kanuni ya ule mtambo wa nguo: kasoro isifichwe, ikomeshwe ilikoanzia.

Kampuni ya magari iliundwa rasmi mwaka wa 1937. Mwaka wa 1950, madeni na mgomo wa wafanyakazi viliitikisa, naye akajiuzulu. Aliaga dunia Machi 1952, akiwa na umri wa miaka 57, kabla ya kuyaona mavuno. Tuzo ya Deming, inayoheshimiwa sana Japani kwa ubora wa kazi, ilipatikana mwaka wa 1965.

Lakini ubora haurithiwi kama shamba. Kati ya 2009 na 2010, kampuni hiyo hiyo ililazimika kuyaita mamilioni ya magari kwa sababu ya hitilafu za pedali na mikeka ya sakafuni. Jina kubwa halikuzuia kasoro.

Walimu wenzangu, darasani mwetu mwanafunzi anayekosea huchekwa, pengine huadhibiwa. Matokeo yake ni kwamba hujifunza kuficha. Huandika jibu la jirani yake, akapita mtihani, akaingia kazini na uzi uliokatika zamani. Daraja atakalojenga au dawa atakayopima itakuja kutudai gharama ya ukimya huo. Tuwazoeshe wanafunzi kusimama kosa linapotokea, walitazame bila aibu, walirekebishe, ndipo waendelee.