Mfalme George wa Sita na kivuli kwenye pafu

Mfalme George wa Sita wa Uingereza alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895. Alishika ufalme mwaka 1936, baada ya kaka yake kuuacha. Alivuta sigara nyingi kwa miaka mingi, na mwaka 1949 alifanyiwa upasuaji kwa sababu damu haikufika vizuri mguuni.

Mei 1951 aliugua, na eksirei ikaonyesha kivuli kwenye pafu la kushoto. Madaktari walidhani ni uvimbe wa kawaida wa pafu, wakampa penisilini. Ni rahisi kukosea hapo. Kwenye eksirei, saratani, nimonia na kifua kikuu vinaweza kufanana. Picha huonyesha kuwa kuna tatizo, lakini peke yake haithibitishi ni tatizo gani.

Mfalme hakupata nafuu. Septemba alipigwa picha zaidi, kisha daktari wa upasuaji Clement Price Thomas akamfanyia bronkoskopi: alipitisha mrija hadi kwenye njia za hewa na kuchukua kipande kidogo cha nyama. Kipande hicho kilipochunguzwa kwa hadubini, saratani ilithibitika. Tarehe 23 Septemba pafu lote la kushoto likaondolewa.

Mfalme aliambiwa tu kwamba njia ya hewa ilikuwa imeziba. Hakutajiwa saratani, na wananchi nao hawakuambiwa. Januari 31, 1952 alimsindikiza binti yake Elizabeth uwanja wa ndege kuanza safari ya Kenya. Februari 6 alifariki usingizini, akiwa na miaka 56. Kifo chake kilielezwa kuwa kilitokana na damu kuganda kwenye mshipa wa moyo. Elizabeth alipata habari akiwa Sagana, Kenya, tayari akiwa malkia.

Vipimo leo

Hatua bado zinafanana. Daktari huanza na maelezo yako na eksirei ya kifua. Akiona kivuli, anaweza kuagiza CT-skani, inayoonyesha ukubwa wake na mahali kilipo. Kisha sampuli huchukuliwa kwa bronkoskopi au kwa sindano kupitia kifuani, na kupelekwa maabara. Mrija unaotumika sana leo ni mwembamba na unapinda, na hupewa dawa ya ganzi kwanza.

Muone daktari ukikohoa zaidi ya wiki tatu, ukitoa makohozi yenye damu, au ukikonda bila sababu. Kama umemaliza dawa za nimonia au kifua kikuu na kikohozi kipo palepale, rudi hospitalini. Uliza kama unahitaji vipimo zaidi. Majibu yakitoka, una haki ya kuelezwa ugonjwa wako kwa jina lake.