Grace Hopper: Mwanamke aliyeifundisha kompyuta kusoma maneno

Ukiwa Sibwesa, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ukitaka kumtumia mtu hela unabonyeza namba na menyu inakuja kwa Kiswahili kabisa: Tuma Pesa, Toa Pesa, Lipa Bili. Muda si mrefu hela imefika Mpanda.

Lakini mashine yenyewe haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua 0 na 1 tu. Mtu anaandika programu kwa maneno na alama, halafu programu nyingine inavitafsiri kuwa namba. Na kati ya watu wa kwanza kabisa kutengeneza programu ya kutafsiri ni mwanamke, Grace Hopper.

Alianza na saa za nyumbani

Grace alizaliwa New York, Marekani, Desemba 9, 1906. Akiwa na miaka 7 alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Ikamshinda kuirudisha, akafungua nyingine, na nyingine, mpaka zikafika 7. Mama yake hakumfukuza. Alimwachia saa moja aendelee kuichezea.

Baba yake naye alitaka mabinti zake wasome kama kaka yao. Grace akasoma kweli: mwaka 1934 alipata shahada ya uzamivu ya hesabu Chuo Kikuu cha Yale, huku akiwa tayari mwalimu wa chuo.

Jeshini walimwona mwembamba

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji. Wakamwambia umri umeenda, halafu uzito hautoshi, amepungukiwa karibu kilo 7. Hakukata tamaa. Akapewa kibali maalumu na kuingia mwishoni mwa 1943.

Jeshi likampeleka Harvard kwenye kompyuta ya Mark I, dude la urefu wa mita 15 hivi. Hapo akawa mmoja wa watu wa mwanzo kuiandikia programu, na akaandika kitabu cha mwongozo wake chenye kurasa zaidi ya 500.

Pamoja na yote hayo, vita ilipoisha Harvard haikuwa na kazi ya kudumu kwa mwanamke. Mwaka 1949 akaondoka, akaenda kwenye kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC.

Waliokataa wakakuta imewezekana

Zamani hizo kuandika programu ilikuwa kupanga namba tupu, na ukikosea moja umeharibu kazi nzima. Mwaka 1952 Grace na wenzake wakatoa A-0, programu iliyokusanya vipande vya kazi vilivyokwisha kuandikwa na kuviunganisha yenyewe. Wengi hawakuamini. Walishazoea kwamba kompyuta kazi yake ni kupiga hesabu tu.

Akaenda mbali zaidi, akataka watu wa ofisini waiamuru kompyuta kwa maneno ya kawaida. Kuonyesha inawezekana, akabadilisha amri za Kiingereza zikawa za Kifaransa na Kijerumani. Mabosi wakashtuka, wakaona kompyuta ya Kimarekani haiwezi kujua lugha za watu wengine. Kumbe kwa mashine maneno ni alama tu. Hata yangekuwa ya Kiswahili, ingefanya kazi.

Lugha yake ya FLOW-MATIC ndiyo iliyotoa msingi wa COBOL, iliyoanza kuundwa mwaka 1959. Grace alikuwa mshauri. Kati ya watu 6 walioandaa mpangilio wake, 2 walikuwa wanawake: Jean Sammet na Gertrude Tierney. Mpaka leo benki nyingi duniani bado zinatumia COBOL.

Jeshini alistaafu mara ya mwisho mwaka 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha Rear Admiral. Alifariki Januari 1, 1992.

Bado safari ipo

Usidhani mlango ulibaki wazi. Marekani kwenyewe, katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa karibu asilimia 37 ya wanaohitimu shahada ya kompyuta. Baadaye wakashuka hadi chini ya asilimia 20. Akili zao hazikupungua. Kompyuta za nyumbani zilipoingia sokoni zilitangazwa kama vitu vya wavulana, na wavulana wakafika chuoni wameshazizoea.

Huku kwetu, kupitia mradi wa SEQUIP, serikali ilipanga shule 26 za sekondari za wasichana za sayansi, moja kila mkoa wa Tanzania Bara, Katavi ikiwemo.

Ila kazi inaanzia nyumbani. Mtoto wa kiume akifungua redio mbovu tunamwita fundi. Wa kike akiifungua, anaambiwa aache uharibifu aende jikoni. Mama yake Grace alipoteza saa kadhaa, dunia ikapata COBOL. Sasa binti yako akishika bisibisi, utamwambiaje?