Zora Neale Hurston na Mali ya Fukara

Zora Neale Hurston alizaliwa Alabama mwaka wa 1891, akalelewa Eatonville, Florida, mji uliotawaliwa na watu weusi wenyewe. Kifo cha mamaye kilimkatizia masomo. Mnamo 1917 alijipunguzia umri kwa miaka kumi ili apate kusoma bila malipo mjini Baltimore. Sidhani kuna mwalimu atakayemlaumu.

Alipokuwa chuoni Barnard, New York, Franz Boas alimfunza kukusanya ngano za watu wa kawaida. Akazifuata hadi kambi za wakata mbao huko Florida. Lakini nauli ilitoka wapi? Kwa mkataba wa Desemba 1927, Charlotte Osgood Mason, bibi tajiri wa Kizungu, alimlipa dola 200 kwa mwezi, na yote aliyoyakusanya yakawa mali ya bibi huyo. Hapo ndipo penye uchungu: fukara asimiliki hata hadithi zake!

Kitabu cha ngano hizo kilitoka 1935, na riwaya yake mashuhuri 1937. Richard Wright, mwandishi mweusi mwenziwe, aliibeza. Kufikia 1950 Zora alikuwa mtumishi wa nyumbani Miami. Alifariki 1960 katika makao ya wasiojiweza, na kaburi lake halikuwekewa jiwe hadi Alice Walker alipolitafuta mwaka wa 1973.