Kurt Hahn, mwalimu aliyetafuta dawa majini na mulimani

Mutu mwenye amesafiri kwa bwato kutoka Kalemie kwenda Moba ao Uvira anajua namna Ziwa Tanganyika linageuka. Asubuhi maji yametulia. Kisha upepo unaamuka, na wale wenye walikuwa wanacheka wananyamaza. Ni katika saa kama hiyo mutu anaona kile kiko ndani yake, na wakati mwingine anashangaa kwamba kuna nguvu mingi kuliko alivyofikiri.

Mwalimu mumoja Mujerumani alipitisha maisha yake yote akifuata jambo hilo. Jina lake ni Kurt Hahn. Kwa Kijerumani, hahn ni jogoo, na kweli jina lilimufaa, juu katika shule yake siku ilianza kwa mbio na maji ya baridi.

Alizaliwa Berlin tarehe 5/6/1886, katika jamaa ya Wayahudi wenye mali. Alipokuwa kijana wa miaka 18 hivi, jua kali lilimupiga vibaya sana kichwani. Alilazimika kukaa muda mrefu katika chumba chenye giza, hawezi kuvumilia mwangaza. Hakupona kabisa. Mpaka uzee wake alitembea na kofia pana, na wakati wa joto alikimbilia kaskazini ya Scotland, kwenye hewa ya baridi. Watu wengi wanasahau sehemu hii ya habari yake. Wanamuona kama mwalimu mukali wa mazoezi, mutu wa chuma. Kumbe alikuwa mugonjwa, na mupango wake wa kwanza wa shule aliuanza katika wakati ule wa ugonjwa. Alijua namna mutu anajisikia wakati wengine wanamuhurumia na hawamuachii kazi yoyote ya kufanya.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha, Hahn alikuwa katibu wa Prince Max wa Baden, mukubwa wa mwisho wa serikali ya mufalme wa Ujerumani. Mwaka wa 1920 hao wawili wakafungua shule ndani ya nyumba ya zamani ya watawa kule Salem, kusini ya inchi. Inchi ilikuwa imeshindwa, vijana wamekata tamaa. Hahn akasema kitabu peke yake hakitoshi. Akawapeleka safari za miguu, akawafundisha kazi za mikono, akawapatia madaraka ya kweli.

Kisha Hitler akaja. Mwaka wa 1932 watu wa chama chake walimuua mufanyakazi mumoja katika kijiji cha Potempa, mbele ya mama yake. Walipohukumiwa, Hitler akawaunga mukono mbele ya watu wote. Hahn akaandikia wanafunzi wa zamani wa Salem barua ya kuwaomba wachague: Salem ao Hitler, hakuna njia ya katikati. Mwezi wa tatu 1933 akafungwa. Marafiki Waingereza walisemea kwa waziri wao mukuu, Ramsay MacDonald, na Hahn akaachiliwa. Akakimbilia Uingereza mwaka uleule. Alikuwa mukimbizi, na kile alichokijenga kilibaki nyuma.

Mwaka wa 1934 akaanza tena kule Scotland, shule ya Gordonstoun. Hapo mafikiri yake yakakomaa. Vijana walichunga pwani usiku pamoja na walinzi wa bahari, walijifunza kuzima moto, walijifunza kuongoza mashua. Haikuwa mchezo: kama meli ingepata hatari, wao ndio wangeiona. Hahn aliamini kwamba ugonjwa mubaya zaidi wa vijana ni kupoteza huruma, na kwamba haiponi kwa mahubiri. Inapona siku kijana anapojua kwamba kuna mutu atakufa kama yeye analala.

Mwaka wa 1941, katikati ya vita ya pili, mwenye kampuni ya meli aliyeitwa Lawrence Holt alimuletea shida. Meli zake zilikuwa zinapigwa na kuzama. Ndani ya mitumbwi ya kuokolea, inasimuliwa, mabaharia wazee walikuwa wanabaki wazima, na vijana wenye mwili wenye nguvu walikuwa wanakufa. Mwili haukuwa shida. Vijana walikata tamaa mbele. Wakafungua pamoja shule ya siku chache kule Aberdovey, Wales. Jina lake, Outward Bound, ni neno la mabaharia kwa meli yenye inatoka bandarini kuingia bahari kubwa. Masomo ya namna ile yalikuja kujulikana kama masomo ya siku 26: mashua, milima, kamba, na kazi ya kuokoa watu.

Mupango huo ulifika Afrika ya mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, kule Loitokitok, upande wa Kenya wa mulima Kilimanjaro. Na ni hapo jambo kubwa lilitokea. Mwaka wa 1969 vijana saba wasioona, kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, walifanya mazoezi Loitokitok, kisha wakapanda mpaka juu ya Kilimanjaro, metre 5.895. Kule hewa ni nyepesi sana. Hata wenye macho wanatapika na kurudi. Vipofu katika miji yetu wamezoea kupewa makuta na kukalishwa kando ya njia. Wale saba hawakukalishwa.

Je, ni dawa kweli? Katika miaka ya 1960, kule Massachusetts, Marekani, watafiti walichukua vijana 120 waliofanya makosa. 60 walipelekwa Outward Bound, 60 wakapitia njia ya kawaida ya serikali. Kisha mwaka mumoja, 20 kwa 100 ya wale wa kwanza walikuwa wamerudia makosa. Kwa wale wengine ilikuwa 42 kwa 100. Kisha miaka mitano tofauti ilikuwa imepunguka. Basi mulima unasaidia, lakini kijana anarudi katika mutaa uleule, na njaa ileile. Baadaye Wamarekani walitumia njia hiyo pia kwa wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam na roho iliyovunjika. Katika jimbo lenye wakimbizi wa ndani na vijana waliobeba bunduki, habari hiyo si ya mbali.

Hahn alisemwa vibaya pia, na kwa haki. Shule zake zilikuwa za watoto wa matajiri, hata za wana wa wafalme. Philip, muume wa Malkia Elizabeth, alisoma kwake. Ukali wake uliumiza wanafunzi fulani. Na kuna hatari ya kumuiga vibaya: kutupa mutu mwenye uchungu ndani ya maji bila mazoezi, bila nguo ya kuelea, bila mwalimu anayejua upepo, hiyo ni kuua. Aberdovey walifundisha kwanza, kisha wakatoka bandarini.

Mwaka wa 1962 Hahn alisaidia kufungua Atlantic College, Wales, kwa vijana wa inchi mbalimbali. Wanafunzi walichunga pwani na kuokoa watu. Na mukubwa wao, Desmond Hoare, alitengeneza pamoja nao mashua ya mupira yenye tumbo ngumu, yenye haipasuke juu ya mawe. Leo waokoaji wa inchi mingi wanaitumia. Mwaka wa 1973 haki ya kuitengeneza iliuzishwa kwa waokoaji wa Uingereza kwa paundi 1 tu, na inasemwa kwamba cheki ile haikupelekwa benki.

Hahn alikufa tarehe 14/12/1974, akiwa na miaka 88. Alikuwa amerudi Ujerumani. Alizikwa Salem, karibu na shule yake ya kwanza.