Jaji Oliver Wendell Holmes, Askari na Mwamuzi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyefariki zamani, asome habari zake, kisha aziandike kwa ajili ya gazeti letu la shule. Wenzangu wengi walichagua wafalme na marais. Mimi nilimchagua jaji wa Marekani, marehemu Oliver Wendell Holmes, na sababu yake nitaieleza mwishoni, wasomaji wapendwa, kama hamtanichoka.

Holmes alizaliwa mjini Boston tarehe 8 Machi, 1841. Baba yake, ambaye jina lake lilikuwa hilo hilo, alikuwa daktari na mshairi mwenye sifa, na babu yake mzaa mama alikuwa jaji. Kijana huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1861, alipokuwa akimaliza masomo yake, vita vilizuka kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, na jambo kubwa lililovileta lilikuwa utumwa. Holmes aliuchukia utumwa, akaingia jeshini upande wa kaskazini, katika kikosi cha 20 cha Massachusetts.

Vitani alijeruhiwa mara tatu. Mwezi wa Oktoba 1861, mahali paitwapo Ball's Bluff, alipigwa risasi ya kifua. Mwezi wa Septemba 1862, katika vita vya Antietam, risasi ilimpita shingoni. Baba yake alipopata habari alifunga safari kumtafuta, akauliza huku na huko kwa siku kadhaa, hata mwisho akamkuta ndani ya gari moshi. Mwezi wa Mei 1863 akapigwa tena, mara hii kisiginoni. Alipoondoka jeshini mwaka 1864 alikuwa na umri wa miaka 23 tu, na rafiki zake wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Basi alirudi Harvard kusoma sheria, akamaliza mwaka 1866. Mwaka 1872 alimwoa Fanny Dixwell, wakakaa pamoja mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1929, hawakujaliwa watoto. Mchana alifanya kazi ya uwakili, na usiku alisoma na kuandika, hata mwaka 1881 akatoa kitabu chake juu ya asili ya sheria. Humo alifundisha kwamba sheria haikukua kwa hesabu za akili peke yake, bali imekua pamoja na maisha ya watu na mahitaji yao. Mwaka uliofuata akateuliwa kuwa jaji katika mahakama kuu ya Massachusetts, na mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt akampeleka kwenye Mahakama Kuu ya nchi nzima mjini Washington. Huko alikaa zaidi ya miaka 29.

Sifa yake kubwa ilitokana na hukumu alizozikataa. Mwaka 1905 majaji wenzake walio wengi waliifuta sheria ya New York iliyokataza waoka mikate wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Holmes alipinga. Alisema kuwa jaji hana ruhusa ya kuifuta sheria iliyotungwa na wawakilishi wa watu kwa sababu tu yeye mwenyewe haipendi.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni la mwaka 1919. Mwezi wa Machi mwaka huo Holmes ndiye aliyeandika hukumu za kuwafunga watu waliopinga vita na uandikishaji wa askari. Wako rafiki zake, wengine vijana kuliko yeye, waliomwambia kuwa amekosea. Mzee wa miaka 78, jaji mwenye heshima na makovu ya vita mwilini, angeweza kuwapuuza. Hakuwapuuza, alikaa akasoma na kufikiri. Hata ilipofika Novemba, ikaletwa kesi ya wahamiaji kutoka Urusi waliotawanya karatasi za siasa mjini New York, na watatu kati yao walikuwa wamehukumiwa kifungo cha miaka 20. Majaji saba wakaikubali hukumu hiyo. Holmes akaikataa, na Jaji Brandeis akawa pamoja naye. Alieleza kwamba mawazo tunayoyachukia yaachwe yasemwe, yashindane na mengine, maana ndivyo ukweli unavyopatikana. Leo fikira hiyo ndiyo inayofuatwa zaidi nchini kwake.

Isiwe nikasifu tu. Mwaka 1927 Holmes aliandika hukumu iliyoruhusu jimbo la Virginia kumfanyia Carrie Buck, binti maskini, upasuaji wa kumzuia asizae tena, kwa madai kwamba alikuwa na upungufu wa akili. Baadaye ilijulikana kuwa madai hayo hayakuwa kweli. Kosa hilo Holmes hakulirudia kulisahihisha kama la 1919, nalo ni doa ambalo makovu yake ya vita hayawezi kulifunika.

Alistaafu Januari 1932, akiwa na miaka 90, akafariki tarehe 6 Machi, 1935, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 94. Alizikwa Arlington, katika makaburi ya askari. Sehemu kubwa ya mali yake aliiachia serikali ya nchi yake. Katika kabati lake zilionekana sare zake mbili za vita, zikiwa bado na madoa ya damu yake.

Sasa nitoe sababu yangu. Mwaka jana nilikuwa kiranja wa bweni. Ndoo ya mwenzetu ilipotea, na watu wote wakamnyoshea kidole mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza. Nami bila kumsikiliza nikaliandika jina lake, akafyeka majani siku tatu. Wiki iliyofuata ndoo ikaonekana nyuma ya jiko. Nilinyamaza, maana niliogopa kwamba kiranja akikiri kosa hataheshimiwa tena.

Baada ya kusoma habari za mzee huyu nilikosa raha. Jumatatu moja niliomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, nikasimama mstarini, nikamwomba yule mdogo wangu msamaha mbele ya shule nzima. Miguu ilinitetemeka. Wako waliocheka, lakini yeye hakucheka. Jioni alikuja bwenini, akakaa kitandani pangu, akaniuliza hesabu iliyomshinda, tukaifanya pamoja.

Wahenga walisema, kuteleza si kuanguka. Jaji Holmes aliteleza mara akainuka, na mara nyingine akateleza asiinuke. Mimi namheshimu kwa ile ya kwanza, na ile ya pili naiweka akilini nisije nikaisahau.