Michael Faraday: Mjalidi wa vitabu aliyetufungulia njia ya umeme

Kama simu unayosomea makala haya ilichajiwa kwa umeme wa bwawa au wa jenereta, basi una deni kwa mtu aliyeanza maisha kwa kushona vitabu. Leo tunamwangalia Michael Faraday.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, pembezoni mwa London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, mara nyingi mgonjwa, na nyumbani hali ilikuwa ngumu. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo tu. Mwaka 1804 alianza kupeleka magazeti kwa wateja wa George Riebau, muuza vitabu na mjalidi. Mwaka uliofuata Riebau alimchukua ajifunze ufundi kwa miaka 7, bila kumtoza ada.

Enzi hizo vitabu vilijalidiwa kwa mkono. Karatasi kubwa zilizochapwa zilikunjwa kuwa mafungu ya kurasa. Mafungu yalipangwa kwa mfuatano, yakashonwa kwa sindano na uzi, kisha mgongo wa kitabu ukapakwa gundi na kugongwa kwa nyundo hadi ukapinda vizuri. Baada ya kingo kukatwa, kitabu kilifungwa kwenye jalada gumu na kuvikwa ngozi. Mwisho, jina lake lilipigwa mgongoni kwa vyuma vya moto na dhahabu.

Faraday hakuishia kushona. Alivisoma. Katika Encyclopaedia Britannica alikutana na habari za umeme, na katika kitabu cha Jane Marcet akajifunza kemia.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza mwanasayansi mashuhuri, Humphry Davy, katika taasisi ya Royal Institution. Alihudhuria mihadhara 4, akaandika kila alichoelewa, akachora na vifaa vilivyotumika. Kisha akafanya kile alichokijua kuliko wengi: akazijalidi kurasa hizo kuwa kitabu kamili, akampelekea Davy na kuomba kazi.

Davy alimwita wakaonana, lakini nafasi haikuwepo. Alimshauri asiache ujalidi. Muda mfupi baadaye msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, na Machi 1813 Faraday akaajiriwa.

Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa, umeme hupita katika waya huo. Jenereta na mitambo ya mabwawa hufanya kazi kwa kanuni hiyo hadi leo.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Kitabu alichompelekea Davy bado kimehifadhiwa Royal Institution. Kwa vijana wanaotusikiliza wakiwa kwenye karakana na vibanda vya ufundi, tunasema hivi: ufundi ulio nao haukufungii njia. Faraday aliutumia wake kubisha hodi.